Mmweko wa Jumanne

Wapendwa, leo naomba mshuke nami chini ya ardhi. Msiogope, tutapanda tena kabla ya sadaka. Tunashuka kwenye mgodi mmoja wa zamani, dhahabu yake ilishaisha, wenye mali wakafunga virago wakaenda zao, shimo likabaki limeachama. Msiniulize uko mkoa gani. Nimeuchimba mwenyewe juzi, mezani kwangu, nikiandaa mahubiri.

Chini kabisa ya shimo hilo, dakika saba nzima kwa lifti, walikuja watu wa sayansi wakaweka pipa. Pipa la chuma, kimo chake ukilisimamisha hapa linatoboa paa. Ndani wakajaza kimiminika baridi kushinda barafu yoyote mliyowahi kushika, na kulizunguka wakapanga macho ya umeme, mamia kwa mamia, yote yanatazama ndani. Kazi ya pipa hilo ni moja tu, kungoja.

Kungoja nini? Hapo ilibidi nimsumbue binti wa dada yangu, yule anayesoma fizikia chuo kikuu. Akanikalisha chini kama mimi ndiye mwanafunzi. Akasema, “Mjomba, nyota zilizo angani zinazunguka kwa kasi ambayo ingepaswa kuzitawanya zamani sana. Tukipima kila kitu tunachokiona, uzito wake hautoshi kuzishika pamoja. Kwa hiyo kuna kitu kingine kinachozishika. Ni kingi kuliko vyote tunavyoviona, hakitoi mwanga, hakigusiki. Tunakiita maada ya giza. Hapa ulipokaa kinakupita mwilini na wala huna habari.”

Nikamuuliza, “Mmeshakiona?”

“Bado, mjomba. Hata chembe moja haijakamatwa.”

Nikamwambia, “Na bado mnatucheka sisi tunaohubiri yasiyoonekana!” Tukacheka wote wawili, lakini nilikwenda nyumbani nikiwaza.

Basi pipa lile liliwekwa chini kwa sababu huku juu kuna fujo. Miale inatunyeshea kutoka angani mchana kutwa, na kila mwale ungeliamsha pipa bure. Mwamba unaizuia hiyo fujo, kule chini kunakuwa kimya. Na tumaini la wale watu lilikuwa kwamba siku moja, pengine mara moja kwa miezi mingi, chembe moja ya ile maada itagonga ndani ya kimiminika, kutatokea mmweko mdogo mno, na yale macho yatauona. Mmweko mmoja wa kweli ungewabadilishia vitabu walimu wote wa fizikia duniani.

Katika kazi hiyo alikuwamo mama mmoja. Jina simpi, maana nikimpa jina kuna mtu atageuka kuangalia benchi la nyuma. Wenzake walimwita Dokta, na sisi tumwite Dokta. Alikuwa ameitumikia kazi ile miaka kumi na miwili. Watoto wake walizoea kuwajibu wageni, “Mama yuko chini,” kama watoto wa wengine wanavyosema mama yuko sokoni. Alikuwa mtu makini, mtu wa kukagua mara mbili, na wadogo zake kazini walimwogopa kidogo, kwa heshima.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana mfano wote unasimama juu ya taratibu mbili za watu hawa.

Utaratibu wa kwanza: pipa likiwa linasikiliza, mtu haingii vyumba vya ndani. Akilazimika kuingia, anapiga simu kwenye meza ya zamu kuomba ruhusa, anaandika jina na saa kwenye daftari lililofungwa kwa kamba mlangoni, na mmweko wowote utakaotokea saa hiyo unatupwa, hata uwe mzuri namna gani. Kwa nini? Kwa sababu mtu ni fujo. Ukivua koti tu karibu na zile nyaya unaweza kuleta cheche. Utaratibu huo aliuandika Dokta mwenyewe kwa mkono wake.

Utaratibu wa pili ulinishangaza zaidi. Mnajua kampuni za ulinzi hutuma mtu wao ajifanye mwizi, kuona kama mlinzi wa getini yuko macho? Hawa nao hufanya hivyo. Walimteua mwenzao mmoja aliyekaa mji mwingine, wakampa uwezo wa kupandikiza mimweko ya uongo kwenye kompyuta zao, kwa siri, siku anayotaka. Aliandika siku na saa ya kila mmweko aliopandikiza, akatia kwenye bahasha, akaifunga. Hata mkuu wa kazi hakujua. Bahasha ingefunguliwa mwisho kabisa, baada ya kila mtu kumaliza kazi yake na kutia sahihi. Hivyo mtafiti akiona mmweko, hajui kama ni wa kweli au ni mwenzake anampima. Inabidi awe mwaminifu kwa kila mmoja.

Mnanifuata? Mzee pale mbele anasinzia, mguseni taratibu. Asante.

Jumanne moja Dokta alikuwa zamu. Asubuhi, saa nne na dakika chache, alitaka kusoma karatasi fulani akapapasa mfukoni, miwani hakuna. Akakumbuka aliiacha jana yake chumba cha ndani, kando ya pipa, walipokuwa wakikaza nati kabla pipa halijaanza kusikiliza. Akatazama saa. Akatazama mlango. Mwenye kutoa ruhusa siku hiyo alikuwa nani? Yeye mwenyewe. Ajipigie simu mwenyewe? Akaona ni dakika mbili tu. Akaingia kwa ncha za vidole, akaitafuta miwani mpaka dakika mbili zikawa saba, akaipata, akatoka. Kwenye daftari hakuandika. Alikaa akaendelea na kazi, na kufikia mchana alishasahau.

Kesho yake akafungua data za Jumanne, akasogeza kiti karibu na skrini. Saa nne na dakika kumi, mmweko. Na haukuwa mmweko wa kubahatisha. Ulikuwa katikati ya pipa, safi, na ukubwa wake ulikuwa uleule waliokuwa wamepiga hesabu kwamba chembe ile ikija utakuwa hivyo. Miaka kumi na miwili alikuwa hajaona mzuri kama ule.

Furaha ile ilidumu kiasi cha pumzi mbili. Halafu akaikumbuka miwani.

Jamani! Saa ile ile yeye alikuwa ndani! Kwa sheria yake mwenyewe mmweko ule haufai, ni wa kutupwa. Lakini ili uutupe, lazima useme sababu, na sababu ni jina kwenye daftari, na jina lake halimo. Aende sasa kuliandika? Kwa kalamu gani, na wino wa leo utafanana na wa jana? Na wadogo zake watasema nini wakijua aliyetunga sheria ndiye aliyeivunja, tena kwa ajili ya miwani ya kusomea? Tena kazi hii ikiisha wageni kutoka ng'ambo walikuwa wamkabidhi kitengo kizima akiongoze. Alikwenda mpaka mlangoni, akalifunua lile daftari bila kujua atafanya nini.

Na hapo akakuta mstari. Jumanne, saa nne na dakika tano kuingia, saa nne na ishirini kutoka. Chumba cha pampu. Jina la fundi, sahihi yake ya herufi kubwa kubwa, na maelezo: “Nimeingia kusikiliza pampu namba mbili. Simu ya zamu imeita haijapokelewa.”

Huyo fundi alikuwa mtu mzima, ameingia mgodini tangu enzi za dhahabu. Wataalamu wana mashine za kupimia pampu. Yeye alikuwa na sikio. Alikuwa akisimama kando ya pampu ameinamisha kichwa, halafu anasema, “Hii imeanza kulia,” na kweli baada ya mwezi inaharibika. Siku ile alisikia kitu, akapiga simu ya zamu kuomba ruhusa, ikaita mpaka ikakatika. Haikupokelewa kwa sababu mpokeaji alikuwa ndani anatafuta miwani. Basi fundi akaingia chumba cha pampu kinachopakana na kile cha pipa, na kwa kuwa ni mtu wa kufuata utaratibu, akaandika jina.

Dokta aliusoma mstari ule na, Mungu amsamehe, alishukuru. Pumzi ikarudi. Akakaa kwenye kompyuta akaandika: “Mmweko wa Jumanne saa nne na dakika kumi umeondolewa. Sababu: fundi wa pampu alikuwa ndani.”

Angalieni sentensi hiyo, wapendwa. Ina uongo wapi? Fundi alikuwa ndani kweli. Hakuna neno moja la uongo humo. Mnaweza kuiapia mahakamani. Ndiyo maana nasema shetani siku hizi hana haja ya kutufundisha kudanganya, tunamtosheleza kwa ukweli nusu.

Dokta alidhani imekwisha. Lakini mkuu alipouona mmweko wenyewe, mzuri vile, umetupwa kwa sababu ya fundi, alipanda hasira. Miaka yote, mamilioni ya watu wanaosubiri, halafu mtu wa spana anajiingilia tu! Akaitisha kikao, akamweka fundi katikati. Dokta alikaa pembeni na faili mapajani.

Mkuu akauliza, “Uliingia kwa ruhusa ya nani?”

“Nilipiga simu, bosi, haikupokelewa. Pampu ilikuwa inalia.”

“Uligusa nini humo?”

“Sikugusa kitu. Nilisimama nikasikiliza, nikatoka.”

“Kulikuwa na mtu mwingine?”

Fundi aliinua macho yakapita kwa kila mtu, yakafika kwa Dokta, yakaendelea. Akasema, “Mimi naweza kujisemea mwenyewe tu, bosi.”

Dokta akajiuliza moyoni. Amemaanisha nini? Aliniona? Hakuniona? Angeniona si angesema? Mtu anayekaribia kufukuzwa kazi anaficha nini?

Mkataba wa fundi ulikuwa unaisha mwezi ule. Haukuongezwa. Hakuna aliyempigia kelele wala kumtukana, ni karatasi tu haikuja. Siku ya mwisho, akiwa ameshakabidhi kofia na taa, alipita kwenye meza ya Dokta akasimama. Akasimama muda ambao si wa kawaida.

“Dokta, mimi ndiyo naondoka.”

“Pole sana, fundi. Mambo haya yanatokea.”

“Dokta, hakuna unachotaka kuniambia?”

Maneno yalikuwepo, tena machache, hayajai hata kiganja. Lakini aliangalia mlango akaona vijana wawili wa kazi wanapita na karatasi zao, na maneno yakarudi chini. Akafanya kile ambacho wengi wetu hufanya tukibanwa, akatoa kitu kingine badala ya kile kinachodaiwa.

“Nikuandikie barua ya kukutambulisha? Nitasema wewe ni mtu mwaminifu.”

Fundi akamtazama. “Barua si neno, Dokta. Baki salama.” Akaingia kwenye lifti.

Wapendwa, tangu siku hiyo yule mama hakuwa na amani. Chakula kilikuwa kinamkwama. Simu ikiita alishtuka kama mtu anayedaiwa. Mtoto wake akisema “Mama, nina swali,” yeye anajibu kabla hajaulizwa, “Sijui, sikuwepo.” Wiki ya tatu baada ya fundi kuondoka, pampu namba mbili ikafa, pipa likazimwa siku kumi na tisa. Watu wakasema ni bahati mbaya. Yeye alikwenda chooni akajifungia.

Ukimtazama kwa nje ungedhani anamwogopa fundi. La, sikilizeni alichokiogopa. Alikuwa anawaza, je, kama mmweko ule ulikuwa wa kweli? Je, kama miwani haikufanya lolote, na ile ilikuwa ni chembe yenyewe, imesafiri tangu mwanzo wa ulimwengu, imefika Jumanne saa nne na dakika kumi, na mimi nimeitupa jalalani? Kila akitazama mchoro wa ule mmweko ulikuwa unamtazama. Nimeipoteza, alikuwa anajiambia. Au nimeuchafua mwenyewe kwa kuingia. Ama nimeuua ukweli, ama nimeuzaa uongo. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna.

Akaanza kuomba. Alikuwa mtu wa kanisani, jamani, msidhani watu wa fizikia hawapigi magoti. Akaomba asubuhi, akaomba ndani ya lifti, “Ee Bwana, mmweko ule uwe wa kupandikizwa. Uwe wa kwenye bahasha. Ukiwa wa bahasha, basi si mimi niliyeuleta, na si kitu cha kweli nilichokitupa. Nitakuwa huru.” Kwaresima nzima ombi lilikuwa hilo hilo.

Kuna maombi, ndugu zangu, ambayo tunayaomba bila kuyasoma mpaka mwisho.

Ikafika siku ya bahasha. Chumba cha mikutano kimejaa, wageni wa ng'ambo wako kwenye skrini, kila mtu ameshatia sahihi kwamba kazi yake imekamilika na hatabadili kitu. Mkuu akachana bahasha, akakohoa, akaanza kusoma. Mimweko iliyopandikizwa ni minne. Wa kwanza, Ijumaa fulani. Wa pili, Jumapili. Dokta alikuwa amekamata ukingo wa meza kwa mikono miwili. Wa tatu, Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Mnajua alihisi nini? Alihisi mwili umekuwa mwepesi kabisa. Machozi yakamlenga. Bwana amesikia! Hakuuleta yeye, hakupoteza chembe yoyote, miwani yake haikudhuru kitu. Wa nne hata hakuusikia ukisomwa. Miezi yote ile ya kujitesa, kumbe hakuna alichoharibu. Alitaka kusimama aseme haleluya mbele za wageni.

Wenzake walikuwa na huzuni yao, maana walipoiondoa ile minne hakikubaki kitu. Pipa lilikuwa kimya miezi kumi na minne yote. Mmoja akafunga kompyuta yake taratibu. Ndipo mkuu, akiwa bado anaitazama ile karatasi, akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea peke yake:

“Huu wa Jumanne tuliutia kwenye kompyuta wenyewe. Haukutoka kwenye pipa. Basi yule fundi hakufanya kitu.”

Dokta akabaki na ile haleluya mdomoni.

Hakuwahi kufika hapo. Katika maombi yote, asubuhi na ndani ya lifti, hakuwahi hata mara moja kufika hapo. Karatasi iliyomsafisha yeye ilimsafisha na fundi. Mungu alikuwa amelijibu ombi lake lote, neno kwa neno, na jibu lenyewe ndilo lililomsimamisha kizimbani.

Mkuu alikuwa mtu wa hasira lakini hakuwa mtu mbaya. Akachukua simu pale pale, akaiweka sauti kubwa ili kila mtu asikie anapoomba radhi. Fundi akapokea, nyuma yake mashine ya kusaga inanguruma, maana ndiko alikopata kibarua.

“Fundi, nimekukosea. Imethibitika hukufanya kitu. Nakuomba radhi mbele ya wote.”

“Haya, bosi. Nashukuru. Imekwisha.”

“Lakini kwa nini hukujitetea? Nilikuuliza kama kulikuwa na mtu mwingine, ukanijibu kwa mafumbo.”

Mashine ilinguruma, halafu ikazimwa.

“Bosi, ule mlango kati ya pampu na pipa una kioo. Nilimwona Dokta ndani. Ningemtaja mngesema fundi anamchafua msomi ili ajiokoe. Nani angeniamini mimi? Nikasema moyoni, huyu ni mtu wa haki, ninamfahamu, atasema mwenyewe. Nikamsubiri kikaoni. Nikamsubiri siku naondoka, nikasimama mezani kwake. Kusema kweli, bosi, mpaka leo hii nilikuwa namsubiri.”

Watu wote wakamgeukia Dokta, na wale wa kwenye skrini pia.

Akasema, “Ni kweli.” Na sauti yake haikufika mwisho wa chumba.

Naishia hapo na mfano. Kama alirudishwa fundi, kama Dokta alipewa kitengo, mimi sijui, na nikiendelea mtaacha kujifikiria ninyi mtaanza kumfikiria yeye.

Sasa tuongee sisi. Yule mama aliogopa kosa ambalo hakulifanya, na alilolifanya hakuliogopa. Mmweko ule ungetupwa tu, kwa vyovyote, hata angesema ukweli siku ya pili yake. Angesema, “Jamani, na mimi niliingia, nilifuata miwani,” wangemtania wiki nzima, wangempa jina la utani, ikaisha. Sayansi isingepungukiwa kitu. Fundi angekuwepo, pampu ingepona. Alikuwa analinda nini? Nawauliza, alikuwa analinda nini? Na sisi je, tunalinda nini?

Tunafunga, tunakesha, tunatafuta uso wa Mungu asiyeonekana, na hilo ni jema, mimi mwenyewe ndiyo kazi yangu kuwaambia mtafute. Lakini katika kumtafuta huko kuna mtu tumemwacha nje ya mlango. Hatukumsingizia, la! Sisi ni watu wa kanisani. Tulinyamaza tu. Wifi aliambiwa ameiba, na wewe ulijua kilipo kitu. Kijana alifukuzwa shule, na mwanao alikuwepo naye. Mwenzako kazini alibeba lawama ya wote wawili, ukamwambia pole, ukamwandikia barua nzuri. Ukaja hapa ukainua mikono. Halafu unaniuliza, mchungaji, mbona sina amani? Nimeomba, nimefunga, mbona nashtuka simu ikiita?

Mtu huyo anakusubiri. Hilo ndilo linalonitisha mimi kuliko moto wa jehanamu. Hajakulaani, hajakwenda mahakamani. Anakuamini bado. Anasema moyoni, huyu ninamfahamu, ni mtu wa haki, atasema mwenyewe. Na kila Jumapili wewe unapita mbele ya nyumba yake na Biblia mkononi.

Siwaambii mkatubu mkifika nyumbani. Mkifika nyumbani kuna ugali, kuna wageni, mtasahau. Simu mnazo mifukoni, nimewaona mnazichungulia tangu nianze. Leo sitazikataza. Wenye mtu wa kumpigia watoke nje, wazunguke nyuma ya kanisa, wapige sasa. Sadaka itangoja. Hatutamtazama anayetoka, na anayebaki asijione msafi.

Na msiseme mchungaji anatutuma mahali asikokwenda. Yule mama aliyekuwa mhasibu wetu, mliyeambiwa mwaka juzi kwamba ameacha kazi kwa hiari. Wazee wa kanisa wanakikumbuka kikao kile. Wasichokijua ni kwamba stakabadhi aliyoulizwa, ile iliyokosekana, ilikuwa kwangu, ndani ya kitabu changu cha nyimbo, na niliiona siku ya pili. Nikanyamaza. Nilisema nitaomba, na kweli nimeomba, karibu miaka miwili.

Kwaya, imbeni wimbo wowote, imbeni hata mara tatu. Mzee, nishikie hii kanzu. Natoka nje kupiga simu.